Mwezi ulikuwa mchanga, maharage yakaoza

Swali: Mimi ni mama kutoka Uvira, Kongo, sasa niko Louisville, Kentucky, mwaka wa nne. Nimepewa ploti kwenye bustani ya jumuiya. Mwaka jana, tarehe 31 Machi, jua lilikuwa zuri na watu wamevaa mikono mifupi, nikapanda maharage na lengalenga, yaani mchicha. Mwezi ulikuwa ndio kwanza umeandama. Bibi yangu alitufundisha kwamba kinachozaa juu ya ardhi kipandwe mwezi ukikua, na kinachozaa chini kipandwe ukipungua. Jirani yangu kwenye ploti, mzee wa Kimarekani, naye anasema hivyo hivyo, tena ana kalenda yake iliyochapishwa. Lakini maharage hayakuota hata moja, na lengalenga ilitoka michache tu ikafa. Mzee anasema nilipatia mwezi ila nilikosa nyota. Mwaka huu nifuate nini? Mama Neema.

Jibu:

Pole kwa mbegu zako, Mama Neema. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikafungua kalenda nihakikishe. Mwaka 2025 mwezi mpya ulikuwa tarehe 29 Machi, wewe ukapanda tarehe 31. Kwa sheria ya bibi yako na kwa sheria ya mzee wa ploti ya jirani, ulikuwa sahihi kabisa. Mwezi hukuukosea hata kwa siku moja. Ulichokosa hakikuwa angani, kilikuwa sentimita tano chini ya viatu vyako.

Ungefukua yale maharage siku ya kumi ungeona hivi: punje imevimba, ganda linateleza kidoleni kama la karanga ya kuchemsha, na ndani pamekuwa uji wenye harufu ya mtaro. Haragwe likifukiwa kwenye udongo uliolowa hunywa maji tu, kuwe na joto kusiwe na joto. Hata haragwe lililokwisha kufa litavimba ukiliroweka. Kinachodai joto ni kazi inayofuata, ile ya kuamsha chakula kilichomo ndani na kusukuma mzizi. Udongo ukiwa chini ya nyuzi 50 za Fahrenheit, yaani 10 za Selsiasi, kazi hiyo karibu inasimama. Maji ya baridi yanayoingia kwa kasi huharibu utando wa seli, sukari inavuja nje, na kuvu wa udongoni, ambao baridi hiyo haiwasumbui, wanakuta meza imeandaliwa.

Maharage yanataka udongo wa nyuzi 60 na kuendelea, karibu 16 za Selsiasi. Lengalenga inataka zaidi, 65 kwenda juu. Udongo wa mfinyanzi wa Louisville mwishoni mwa Machi, hata siku ambayo watu wamevaa mikono mifupi, mara nyingi unacheza kati ya 45 na 50. Hewa hupata joto kwa nusu siku. Udongo uliolowa unachukua majuma.

Na mwaka ule ulikuja na la kwake. Kuanzia tarehe 2 Aprili mvua ilinyesha siku kadhaa mfululizo, mto Ohio ukafurika, barabara zikafungwa, kisha baridi ikarudi. Mbegu zako zilikuwa na siku mbili tu ardhini. Hapo hakuna mwezi wala nyota ambayo ingekuokoa.

Sasa usiondoke na wazo kwamba bibi yako alikudanganya. Mimi nimekulia Ujiji, ng'ambo ya ziwa lenu hilo hilo la Tanganyika, na nyumbani kwetu mwezi ulikuwa mkubwa kuliko saa ya ukutani. Wavuvi wa dagaa, ninyi mnasema ndakala, walitoka usiku wa giza na taa zao. Mbalamwezi ikishakuwa kali mitumbwi inapumzika ufukweni juma zima, kwa sababu taa haiwezi kushindana na mwezi na samaki hawajikusanyi. Ukifika nyumba ya mvuvi usiku wa mwezi mpevu utamkuta anashona wavu. Kwa hiyo mtu akiniambia mwezi haufanyi kitu chochote duniani, simkubalii. Lakini hapo unafanya kazi kwa mwanga, na mwanga unaonekana na samaki. Punje iliyofukiwa haioni chochote. Hata mmea uliokwisha kuota, jua la mchana linaupa mwanga mara kama 400,000 wa ule wa mwezi mpevu.

Turudi kwa bibi. Uvira udongo una joto mwaka mzima. Januari au Julai, ukipata maji mbegu itaota. Swali la mkulima wa kule ni moja tu: mvua imeshika kweli, au ni ile mvua moja ya Septemba inayokudanganya upande halafu inakwenda zake majuma matatu? Mtu asiye na kalenda ukutani anahesabu miezi tangu mavuno, anatazama kumbikumbi wametoka au bado, anatazama mawingu ya upande wa milima. Mwezi ulimpa hesabu. Na akipanda siku hii au wiki moja mbele, mradi mvua ipo, hapotezi kitu, kwa hiyo sheria ya mwezi unaokua haikuwahi kumwadhibu. Sheria ile ile ukiileta nyuzi 38 kaskazini ya ikweta, inakutana na kitu ambacho bibi hakuwahi kupambana nacho: ardhi baridi. Hakukuachia neno juu ya hilo kwa sababu hakulihitaji.

Watu wengi wataniuliza: basi bamvua, yale maji makuu ya bahari kujaa na kupwa? Mwezi unavuta bahari nzima, utashindwaje kuvuta maji yaliyomo kwenye udongo na kwenye shina? Hoja hii ndiyo inayopendwa kuliko zote, na vitabu vya bustani vinairudia mpaka leo. Nikujibu kwa ziwa lako. Tanganyika lina urefu wa kilomita zaidi ya 600 na kina cha karibu mita 1,470. Umewahi kuona maji yakijaa na kupwa pale Uvira kwa kufuata mwezi, kama yanavyojaa na kupwa Mombasa au Bagamoyo? Hujaona. Yalipopanda miaka hii ya karibuni na kuingia mitaani ilikuwa mvua, na yakisogea kwa siku mbili tatu ni upepo. Bahari inajaa kwa sababu ni kubwa kiasi kwamba mwezi unauvuta upande huu wa dunia kidogo zaidi kuliko upande ule, na tofauti hiyo ndogo inakusanyika kwa maelfu ya kilomita za maji. Ikiwa ziwa lenye ukubwa ule halipati kitu cha kuonekana kwa macho, beseni la udongo kwenye ploti yako litapata nini?

Halafu kuna jambo ambalo wanaoitumia hoja hii hawalitazami vizuri. Mpwani yeyote atakwambia bamvua huja mara mbili kwa mwezi: mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Maji mafu huja katikati, nusu ya kwanza na nusu ya pili. Kama mvuto ndio unaopandisha maji kwenye mmea, basi siku za giza zingekuwa sawasawa na siku za mbalamwezi. Sheria ya kukua na kupungua inasema kinyume, inaugawa mwezi upande mwema na upande mbaya. Kwa hiyo hata tukiikubali bamvua ya kwenye shina, haiungi mkono sheria ambayo imeletwa kuitetea.

Habari ya nyota ambayo mzee amekutajia ni kitu kingine tena, na si vyema kuvichanganya. Mwezi huchukua siku 29 na nusu kutoka mwandamo hadi mwandamo, lakini siku 27 na kidogo kulizunguka duara la nyota na kurudi pale pale. Wakulima wa milima ya Kentucky na majimbo jirani hufuata hilo duara la pili: maharage yapandwe mwezi ukiwa kwenye Mapacha, na kamwe usipande ukiwa kwenye Mashuke, eti utapata maua bila matunda. Ulaya wana namna yao. Mwaka 1924 mwanafalsafa Rudolf Steiner alitoa mihadhara ya kilimo pale Koberwitz, kijiji ambacho leo kiko Poland, na wafuasi wake wakajenga juu yake. Maria Thun wa Ujerumani akaanza kutoa kalenda yake mwaka 1963, siku za mizizi, za majani, za maua na za matunda. Ukiziweka kalenda hizi mezani pamoja, siku moja hiyo hiyo moja inakwambia panda karoti na nyingine inakwambia usiguse jembe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Valencia, Hispania, walipitia mwaka 2020 maandishi ya fizikia na ya biolojia juu ya mwezi na mimea, na hawakukuta ushahidi wa kutegemewa kwamba awamu za mwezi zinabadili mavuno. Nami katika kazi yangu ya ugani sijawahi kuliona tuta ambalo ningeweza kusema hili limebebwa na mwezi. Matuta yaliyobebwa na samadi nimeyaona mengi.

Mzee wako lakini usimdharau. Mwulize viazi anapanda lini. Nina hakika atakujibu Ijumaa Kuu, kwa sababu huko ndiko jibu la wazee wa Kentucky lilipo, na ni jibu lenye ukoo na mwezi kuliko wengi wanavyojua. Pasaka huwekwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Ijumaa Kuu kwa hiyo haiachani na mwezi mpevu kwa zaidi ya siku chache, na karibu kila mara mwezi unakuwa umeanza kupungua. Kiazi kinazaa chini, mwezi unapungua: ni sheria ya bibi yako imevaa kanzu ya kanisa.

Shida yake ni kwamba inahama. Mwaka 2024 Ijumaa Kuu ilikuwa tarehe 29 Machi, mwaka 2025 ilikuwa 18 Aprili. Siku ishirini za tofauti, na katika majira haya siku ishirini ni msimu mwingine kabisa. Viazi vinavumilia, ndiyo maana wazee hawajaiacha sheria. Kipande cha kiazi kilichofukiwa inchi nne kinaweza kukaa kwenye udongo wa nyuzi 45 kikisubiri, mradi hakielei kwenye maji. Nyanya ingekuwa imekufa.

Mwaka ambao wakulima wa hapa hawausahau ni 2007. Machi ilikuwa na joto lisilo la kawaida, miti ya matunda ikachanua mapema, ngano ikarefuka. Mwezi mpevu ulikuwa tarehe 2 Aprili, Ijumaa Kuu tarehe 6. Katikati ya juma hilo hilo hewa ya kaskazini ikashuka, usiku baada ya usiku chini ya kiwango cha maji kuganda, na ikakaa mpaka baada ya Pasaka. Tofaa, pichi na zabibu za Kentucky na Tennessee ziliangamia kwa kiasi kikubwa, na ngano iliungua shambani. Waliofuata mwezi na wasioufuata waliungua sawa.

Hapa kuna imani nyingine ninayoikuta sana, tena hii ina chembe ya kweli ndani yake: kwamba mwezi mpevu wa majira haya unaleta jalidi, ule umande ulioganda unaounguza mimea. Ufaransa wana hata jina la mwezi huo, mwezi mwekundu, kwa kuwa unadaiwa kubabua machipukizi yakawa mekundu. Mwanafalaki wao François Arago alilieleza hilo katika karne ya 19 na maelezo yake hayajachakaa. Usiku wenye mawingu ni kama usiku wenye blanketi, joto linalotoka ardhini linarudishwa. Usiku wa anga safi joto linapanda moja kwa moja na kupotea, majani yanapoa kuliko hewa inayoyazunguka, umande unaganda juu yake. Sasa ni usiku upi unauona mwezi vizuri? Ule ule usio na mawingu. Mwezi ni shahidi tu, amekutwa kwenye tukio.

Kwa hiyo ukitoka nje jioni ya Aprili ukaona mwezi unawaka, nyota kali, na upepo umetulia, usiseme mwezi umekuja kuua. Sema mawingu hayapo, na nenda kalete shuka. Simu ikikwambia usiku utashuka mpaka nyuzi 36, usijifariji kwamba 36 si 32, ambapo maji huganda. Kipimo cha hewa kiko juu, kama usawa wa kifua, na nyasi zilizo chini zinaweza kuwa na barafu tayari. Funika kabla jua halijazama, wakati ardhi bado ina joto la kufungiwa humo ndani. Shuka kuukuu ni bora kuliko nailoni, maana nailoni ikigusa jani inalipitishia baridi. Asubuhi jua likitoka, funua.

Baridi hizi za kurudi zina majina hapa, na nakushauri ujifunze majina hayo kabla ya nyota zote za mzee. Kuna baridi ya redbud, ule mti unaojaa maua ya rangi ya waridi iliyokolea kwenye matawi matupu, mara nyingi mwanzoni mwa Aprili. Kuna baridi ya dogwood, maua meupe yanayoonekana kama yana petali nne, juma mbili hivi baadaye. Na kuna baridi ya blackberry ndani ya Mei, ambayo kwa kawaida inakuogopesha tu. Majina haya nayapenda kwa sababu mti nao unahesabu. Hauhesabu siku, unahesabu joto lililokusanyika, kwa hiyo ukichelewa mwaka huu na msimu wenyewe umechelewa. Kumbikumbi wa bibi walifanya kazi hiyo hiyo.

Sasa tuingie ploti yako. Nunua kipimajoto cha nyama, kile cha jikoni chenye sindano. Kwa wiki moja, kila asubuhi saa mbili, kichome inchi mbili ardhini na uandike namba. Asubuhi, si mchana, maana mchana utajidanganya tena. Wastani wa siku tatu nne ndio jibu lako. Jalidi ya mwisho Louisville kwa wastani ni wiki ya pili au ya tatu ya Aprili, na wastani maana yake ni kwamba kuna miaka mingi inayochelewa kuliko hapo.

Kabla ya jembe, okota udongo, ubane ngumi, kisha ubonyeze lile donge kwa kidole gumba. Likivunjika vipande vipande, lima. Likibonyea kama ugali na kubaki na alama ya kidole, rudi nyumbani. Mfinyanzi ukilimwa umelowa unakuwa tofali, na tofali hilo utakaa nalo mpaka Oktoba. Kosa hili linaharibu bustani nyingi kuliko mwezi, jalidi na wadudu wakiwekwa pamoja, na linafanywa na wenye bidii.

Kwa kuwa umeniuliza ufuate nini, na kwa kuwa najua hutaacha kuutazama mwezi, mimi pia sijaacha, nitakupa mwaka 2026 kwa mwezi na kwa udongo pamoja, uone vinapokubaliana na vinapogombana.

Mwezi mpya ni usiku wa tarehe 18 Machi, mwezi wa Idi huo, na unajaa usiku wa tarehe 1 Aprili. Katika wiki hizo mbili panda njegere, spinachi, saladi na sukuma wiki. Hizi zinaota hata udongo ukiwa na nyuzi 40 na kitu, na jalidi nyepesi haiziui. Hapo mwezi na udongo wanasalimiana. Usingesubiri mwezi ungeweza kuanza hata mapema, udongo ukikubali, lakini ukisubiri hupotezi kitu.

Kuanzia tarehe 2 Aprili mwezi unapungua, na Ijumaa Kuu ni tarehe 3. Weka viazi, vitunguu, karoti na figili. Viazi vya mbegu vianze sasa hivi ndani ya nyumba, vipange kwenye trei za mayai dirishani, macho yaangalie juu, mpaka vitoe vichipukizi vifupi vinene vya kijani. Vikubwa vikate siku mbili kabla ya kupanda, kidonda kikauke.

Ugomvi unaanza mwezi unaofuata. Unaandama tarehe 17 Aprili na kujaa tarehe 1 Mei. Watu wa Louisville wana sheria yao ya nyanya: usizitoe nje mpaka siku ya mbio za farasi za Derby, Jumamosi ya kwanza ya Mei. Mwaka huu ni tarehe 2. Unaona mchezo? Sheria ya mji inakufungulia mlango siku moja baada ya sheria ya mwezi kuufunga. Mtiifu wa mwezi atatoa nyanya zake Aprili, akeshe na mashuka, au azishikilie mpaka tarehe 16 Mei zirefuke dirishani kama mianzi. Usifanye mojawapo. Usiku ukishakaa juu ya nyuzi 50 na udongo ukigonga 60, toa nyanya, mwezi ukue au upungue. Maharage vivyo hivyo, pengine juma la kwanza au la pili la Mei.

Usidanganywe pia na miche inayopangwa nje ya maduka makubwa mapema. Mwaka wangu wa kwanza katika jimbo hili nilinunua miche kumi ya nyanya mwanzoni mwa Aprili, nikijiambia kwamba wenye duka wanajua hali ya hewa ya kwao kuliko mimi mgeni. Mimi, bwana shamba wa miaka yote ile! Siku ya nne yote ilikuwa myeusi na imelala. Duka linajua siku ambayo mteja ana hamu, basi. Nilirudi kununua mingine kumi, na pengine hiyo nayo walikuwa wameihesabu.

Lengalenga, ngaingai (ile mboga ya majani machachu), bamia na nyanya chungu ni watoto wa joto, waache kabisa mpaka katikati ya Mei au zaidi. Mwezi unaandama tarehe 16 na kujaa tarehe 31, kwa hiyo mwaka huu bibi na kipimajoto watakuwa upande mmoja. Panda hapo na roho yako itulie. Ngaingai na nyanya chungu zianzishe ndani tangu mwisho wa Machi kwenye vikopo, maana msimu wa hapa ni mfupi kwao. Lengalenga haina haja, ikipata joto inakimbia.

Kama unataka kuujaribu mwezi kwa macho yako, tumia figili, inakomaa kwa siku 25 hadi 30 hivi. Chukua pakiti moja, panda mstari wa mbegu 40 siku tatu baada ya mwezi kuandama na mwingine wa 40 siku tatu baada ya kujaa, tuta moja, kina kimoja, maji sawa. Andika joto la udongo siku ya kupanda kila mstari. Pima uzito wa mizizi siku ya 30. Rudia miezi mitatu, kisha mara nyingine ya mwisho panda mistari miwili siku moja hiyo hiyo uone inavyotofautiana yenyewe kwa yenyewe. Hicho kipande cha mwisho ndicho watu wanachokiruka, na ndicho kitakachokushangaza.

Ofisi ya ugani ya Chuo Kikuu cha Kentucky iko katika kila kaunti, zote 120, nanyi mnayo ya Jefferson. Wapelekee udongo wapime, na uombe jedwali lao la tarehe za kupanda mboga, kisha lilinganishe na namba za kipimajoto chako.

Jambo la mwisho ni zile mbegu za lengalenga ulizobakiza mwaka jana, usizitupe. Hesabu ishirini, zitandaze kwenye karatasi ya jikoni iliyolowa, zikunje ndani ya mfuko wa plastiki na uziweke juu ya friji ambako kuna joto. Siku ya tano fungua. Zikiota kumi na tano au zaidi, mbegu ni nzima. Tarehe 16 Mei, kama udongo umefika 65, changanya hizo mbegu na mchanga mkavu, zinyunyize juu ya tuta bila kufukia, gandamiza kwa ubao na umwagilie kwa kopo lenye matundu madogo.